Mguu wa Ndege Ukipinda, Usikimbilie Kuuongeza Unene

Wajenzi wa ndege ndogo za kujitengenezea hutuuliza mara kwa mara: "Nilitua kwa kishindo, mguu ukapinda. Niweke chuma kinene zaidi?" Wengi hawafurahii jibu letu. Mguu uliopinda huku kiwiliwili kikibaki kizima, pengine umefanya kazi yake sawasawa.

Tupige hesabu. Kanuni za Marekani za ndege ndogo, kabla ya kuandikwa upya mwaka 2017, zilitaka miguu ijaribiwe kwa kuangushwa. Kimo kilitegemea uzito unaobebwa na kila mita ya mraba ya bawa, kisipungue sm 23 wala kuzidi sm 47. Ndege za kujitengenezea hazikubanwa na kanuni hizo, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ndege yenye kilo 60 hivi kwa mita ya mraba ingeangushwa kutoka sm 32, sawa na kugusa ardhi ikishuka mita 2.5 kwa sekunde. Kama springi na tairi kwa pamoja vinabonyea sm 20, na mabawa bado yanaibeba ndege, nguvu ya juu kabisa inafika takriban mara 3.2 ya uzito wa ndege. Kaza mguu ule ule ubonyee sm 10 tu, nguvu inapanda hadi mara 6.4. Haijapotea popote, imehamia kwenye bolti, mabano na mabomba ya fremu, na huko ufa hauonekani kirahisi kama mguu uliopinda.

Steve Wittman, mjenzi na rubani wa mashindano kutoka Oshkosh, Wisconsin, alilielewa jambo hili mapema. Alibuni mguu wa bamba la chuma cha springi, hauna shokapu wala bawaba, na Cessna wakautumia kwenye ndege zao za 120 na 140 baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Piper Cub ilitumia kamba nene za mpira. Zenith CH 701 ina bamba moja la alumini linalopita chini ya tumbo. Kasoro ya springi tupu ni kwamba hurudisha karibu nguvu yote iliyoipokea, ndiyo maana ndege hizi hudunda rubani akikosea. Shokapu ya mafuta huimeza nguvu hiyo, ila ina uzito zaidi na sili zake huvuja.

Faiba ya kioo nayo ina tabia yake. Miguu mikuu ya Long-EZ, ndege nyingine ya kujitengenezea, ni upinde wa faiba, na breki iko jirani nao kabisa. Breki ikichemka, gundi ya epoksi hulainika na mguu hupoteza umbo. Kinga ya joto pale si pambo.

Mabadiliko tunayoyaogopa zaidi ni kuhamisha gurudumu la mkia kwenda puani. Kwenye ndege ya mkia, magurudumu makuu hukaa mbele ya kitovu cha uzito. Kwenye ndege ya pua, hukaa nyuma yake. Kwa hiyo si suala la kuongeza gurudumu moja tu. Linganisha RV-6, ambayo ni ya mkia, na RV-6A, ambayo ni ya pua, zote za kampuni ya Van's Aircraft. Kwenye ya kwanza, miguu mikuu imefungwa kwenye fremu inayobeba injini. Kwenye ya pili, miguu hiyo imerudishwa nyuma hadi kwenye kiwiliwili, na ni mguu wa pua uliobaki kwenye fremu ya injini. Njia ya nguvu imebadilika yote. Hata kiwandani kazi haikuishia hapo: mwaka 2007 Van's walitoa maelekezo ya kubadilisha uma wa gurudumu la pua, yaani kipande kinachoshika gurudumu hilo, ili uwe juu zaidi ya ardhi, kwa sababu uma ukichota udongo ndege inaweza kupinduka. Anayetua kwenye nyasi au changarawe yenye mashimo aanzie hapo kabla ya kuchagua rangi ya ndege.

Tairi kubwa huvutia, na kwenye viwanja vibovu zina faida. Lakini breki ile ile inashika kwa nguvu ndogo zaidi, kwa kuwa ardhi imepata mkono mrefu wa kuizungusha. Miguu ya springi pia hutanuka ikibeba uzito, hivyo mwelekeo wa magurudumu upimwe ndege ikiwa imepakiwa, si ikiwa juu ya jeki. Pima na nafasi ya propela: kanuni zile zilitaka angalau sm 18 kwa ndege ya pua na sm 23 kwa ndege ya mkia.

Kuhusu vibali, nchini Marekani badiliko kubwa kwenye ndege ya kujitengenezea kwa kawaida huirudisha kwenye majaribio ya angalau saa 5, bila abiria. Kwingineko, iandikie mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kukata chuma. Kazi ikiisha, ndege ipimwe uzito upya, maana kilo 5 zilizohamia puani zinasogeza kitovu cha uzito.

Na baada ya kutua kwa kishindo, fungua vifuniko. Angalia matundu ya bolti kama yamevutika kuwa yai, rangi iliyopasuka kwenye sehemu zilizochomelewa, na ribiti zilizozungukwa na unga mweusi. Mguu wenyewe uangalie mwisho.