Je, Mtoto Afundishwe Kupiga Mpira wa Besiboli Kuelekea Chini?

Katika viwanja vya besiboli ya watoto nchini Marekani, kocha bado husikika akimwambia mpigaji ashushe gongo juu ya mpira kana kwamba anapasua kuni, kwa imani kwamba njia fupi kutoka begani ndiyo bora. Imani hiyo haiendani na jinsi mpira wenyewe unavyosafiri.

Mrushaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, yaani anayemtupia mpigaji mpira, husimama kwenye tuta lenye kimo cha inchi 10, yaani sentimita 25 hivi, na kwa kawaida huuachia mpira mkono ukiwa juu; kwa hiyo mpira humfikia mpigaji ukiwa unashuka. Gongo linaloshuka nalo huikata njia ya mpira mahali padogo tu, ilhali gongo linalopanda kidogo hukaa kwenye njia hiyo kwa muda mrefu zaidi, hivyo hata mpigaji aliyewahi au aliyechelewa kidogo bado huupata. Ted Williams, mpigaji mashuhuri wa timu ya Boston Red Sox aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa .406 (yaani alifanikiwa kupiga karibu mara nne katika kila majaribio kumi), alilitetea jambo hili miongo mingi kabla ya kamera za kisasa.

Kosa lina chanzo chake: gongo hushuka kwanza kutoka begani kabla ya kupanda, na mpigaji hodari huikumbuka sehemu ile ya kwanza peke yake. Mtoto anayeinamisha mno bega la nyuma huenda akafaa kuambiwa "piga chini" kwa siku mbili tatu (hata mimi ningemwambia), lakini baadaye mwekee mpira juu ya kigingi usawa wa kiuno, aupige moja kwa moja mbele, nyonga zikitangulia mikono.