Monita Haijaua Spika za Laptopu Yako

"Nilichomeka monita, spika za laptopu zikafa." Maneno huwa karibu yale yale kila mara, na mwenye kuyasema huwa ameshapiga Windows upya, ameshafuta draiva (programu inayoendesha kifaa), pengine ameshashika bisibisi, ila alama ya spika pale chini ya skrini hajaigusa hata mara moja. Tuanze na dhana hiyo potofu, halafu dhana nyingine za sauti na monita tutazipitia haraka.

Dhana: Sauti ikipotea baada ya kuchomeka monita, spika au kadi ya sauti imeungua

Spika ni nzima, zimeachishwa kazi tu. HDMI hubeba picha na sauti kwenye waya mmoja tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2002. DisplayPort nayo inabeba, na USB-C inayotoa picha vilevile. Ukichomeka waya, monita huipa laptopu maelezo yake mafupi, yanayoitwa EDID: inamudu picha ya ukubwa gani, na inapokea sauti au haipokei. Ikijibu kwamba inapokea, Windows hutengeneza kifaa kipya cha sauti chenye jina la monita, na mara nyingi hukifanya ndicho kifaa cha msingi hapo hapo. Tangu dakika hiyo sauti yote inaelekea kwenye monita.

Sasa, kwa nini kimya? Kwa sababu monita nyingi za kazini hazina spika hata moja. Zina tundu la hedifoni la milimita 3.5 huko nyuma, na kwa sababu ya tundu hilo zinajitangaza kuwa zinapokea sauti. Laptopu haina njia ya kujua kama tundu lina kitu au ni tupu. Inatuma, monita inapokea, sauti inaishia hapo.

Hakikisha mwenyewe. Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika mmsys.cpl, bonyeza Enter. Kwenye ukurasa wa Playback, kila kifaa kina vijistari vidogo pembeni. Cheza wimbo, kisha tazama: vya monita vitapanda na kushuka kwa rangi ya kijani huku chumba kikiwa kimya kabisa. Ukiona hivyo, rudisha bisibisi ulikoitoa.

Dawa ni ya sekunde tano. Windows 11: bofya alama ya spika kona ya chini kulia, kisha alama iliyo mwishoni mwa mstari wa kupandishia sauti, orodha ya vifaa itafunguka, chagua spika za laptopu, mara nyingi jina lake lina neno Realtek. Windows 10: bofya alama ya spika, kisha jina la kifaa lililo juu ya mstari huo. Zikibaki kimya hata baada ya kuzichagua na kuchomoa monita, hapo sasa tuzungumzie ubovu.

Kama monita haina spika na huna haja na tundu lake, rudi mmsys.cpl, bofya jina la monita kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Disable. Hapo hapo, na si kwenye Device Manager (orodha ya vifaa vyote vya kompyuta), tafadhali. Huko watu huzima sauti yote ya kadi ya picha, wakasahau, kisha siku ya kuchomeka televisheni wanakuja kulalamika kwamba tundu la HDMI limekufa.

Kuna mtego mwingine humo humo. Windows ina kifaa cha msingi cha sauti za kawaida na kingine cha mawasiliano. Ndiyo maana muziki unaweza kutoka kwenye laptopu vizuri huku sauti ya simu ya mtandaoni ikimezwa na monita. Bofya spika zako kwa kitufe cha kulia, uzipe nafasi zote mbili: Default Device na Default Communications Device.

Dhana: Ukishachagua mara moja, basi

Kwa kawaida Windows hukumbuka. Lakini hamishia waya kwenye tundu jingine, au sasisha draiva ya kadi ya picha, na monita ile ile inaweza kujitokeza kama kifaa kipya. Unachagua tena. Pia monita ikilala, nyingine hujikata kabisa, na sauti hurukia laptopu katikati ya wimbo. Hakuna jini hapo.

Dhana: Sauti ya monita ni ndogo kwa sababu waya ni wa bei rahisi

Sauti ya HDMI ni ya dijitali. Waya mbovu utaikatakata au kuinyamazisha, hautaipunguza. Tafuta kwenye menyu ya monita yenyewe, maana ina kiwango chake cha sauti, na ukikikuta kwenye 10, Windows ikiwa 100 haisaidii kitu. Wenye Mac nao: kwa monita nyingi za HDMI na DisplayPort, vitufe vya sauti vya kibodi havifanyi kazi. Kibodi si mbovu, pandisha sauti kwenye monita.

Dhana: Adapta ya HDMI kwenda VGA hupitisha sauti

VGA haibebi sauti. Adapta yenye tundu la milimita 3.5 ubavuni itahitaji waya wa pili kwenda kwenye spika. Isiyo nalo, bakiza sauti kwenye laptopu.

Dhana: Nimebadili kwenye Windows, kwa hiyo Zoom imebadilika

Si lazima. Zoom ina chaguo lake: bofya mshale ulio pembeni ya alama ya maikrofoni, na kwenye orodha ya spika weka Same as System, ifuate mfumo. Programu nyingine ikikaidi, kwenye Windows 11 fungua Settings, System, Sound, kisha Volume mixer. Huko kila programu ina kifaa chake cha kutolea sauti, na huenda mtu aliifunga kwenye monita miezi mingi iliyopita. Kitufe cha Reset huzirudisha zote kwenye kifaa cha msingi. Kisha funga programu hiyo na uifungue upya, kwa sababu baadhi hushikilia kifaa zilichokikuta zilipowashwa.