Je, wajua unaweza kushtakiwa kwa ulevi ukiwa umekalia kochi lako mwenyewe?

Agosti 2008, katika mji mdogo wa Proctor, jimboni Minnesota nchini Marekani, mwanamume mmoja alitoka baa, akakalia kochi lake, akaondoka nalo. Alikuwa amelifunga injini ya mashine ya kukatia nyasi, akaliwekea redio na vishikio vya vikombe. Hakufika mbali, akagonga gari lililoegeshwa. Alipopimwa, pombe kwenye damu yake ilisoma asilimia 0.29, ilhali kikomo cha jimbo hilo ni 0.08. Mwaka uliofuata alikiri kosa mahakamani, kosa lilelile analoshtakiwa nalo mwenye gari, na kochi likapigwa mnada na polisi.

Ukidhani basi kila chenye injini kinakutia hatiani, tazama kilichotokea Minnesota hiyohiyo mwaka 2011. Mtu mmoja alikutwa amelewa juu ya skuta ya umeme ya magurudumu matatu, ile wanayotumia watu wenye shida ya kutembea. Mahakama ya Rufaa ilisema hana kesi ya kujibu chini ya sheria ya ulevi barabarani, kwa sababu sheria za barabarani za huko humhesabu mtumiaji wa skuta hiyo kama mtembea kwa miguu. Miaka miwili baadaye aliyekamatwa juu ya Segway, kile kigari cha umeme cha magurudumu mawili kinachoendeshwa kwa kusimama, naye akaponea hapohapo. Yaani kochi ni chombo cha moto, skuta si chombo cha moto, na zote mbili zina injini na kiti.

Kinachoamua si sura ya kitu, bali jinsi sheria ilivyokitaja. Sheria za ulevi barabarani karibu zote zinauliza mambo mawili: ulikuwa unaendesha nini, na ulikuwa wapi. Majibu ndiyo yanayotofautiana kutoka nchi hadi nchi, na Marekani hata kutoka jimbo hadi jimbo.

Uingereza walianza kujibu swali la kwanza kabla magari ya petroli hayajazaliwa. Sheria yao ya leseni za vileo ya mwaka 1872 inakataza mtu kulewa akiwa anasimamia kigari, farasi, ng'ombe au injini ya mvuke barabarani. Haijafutwa mpaka leo, kwa hiyo anayeswaga ng'ombe huku anapepesuka bado anaweza kupandishwa kizimbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama iliulizwa kama baiskeli nayo imo, maana sheria haikuitaja. Majaji wakasema imo, ni kigari kama vigari vingine. Na mshtakiwa mwenyewe wala hakuwa ameipanda, alikuwa anaikokota tu.

Farasi wamewasumbua majaji zaidi. Huko Pennsylvania, jimbo la Marekani, wanaume wawili waliokuwa wamepanda farasi walishtakiwa kwa ulevi, kwa hoja kwamba sheria za magari zinamhusu pia anayepanda mnyama. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa: sheria haieleweki vya kutosha, mtu wa kawaida hawezi kujua ni vifungu vipi vya gari vinamgusa akiwa juu ya farasi. Jaji mmoja, Michael Eakin, hakukubaliana na wenzake, na pingamizi lake akaliandika kwa mashairi yenye vina. Binafsi naona wenzake walikuwa na hoja nzuri zaidi, ingawa yeye ndiye anayekumbukwa.

Wajerumani wameamua kupima kwa namba. Mwenye gari akifikisha 1.1 kwa elfu kwenye damu anahesabiwa hafai kabisa kuendesha, na kuanzia 0.5 tayari ana faini. Mwenye baiskeli anavumiliwa hadi 1.6, kwa kuwa baiskeli ni nyepesi na haina kasi ya kuua watu wengi. Skuta ndogo za umeme za kusimama, zilizoruhusiwa barabarani huko mwaka 2019, zimewekwa kundi moja na magari, na wengi wamejua hilo wakiwa wameshapoteza leseni ya gari. Japani nayo iliacha kuwahurumia waendesha baiskeli: tangu Novemba 2024, pumzi yako ikisoma miligramu 0.15 za pombe kwa lita unaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini ya hadi yeni 500,000. Aliyekuazima baiskeli akijua umelewa naye anaadhibiwa.

Sasa tuje kwenye swali la pili, la mahali. Wengi huamini kwamba ndani ya geti lao polisi hawana lao. Uingereza imani hiyo ina ukweli, kwa sababu sheria ya kupima pombe inataja barabara au mahali pa umma. Mkulima anayezungusha trekta ndani ya shamba lake lililofungwa hapatikani na kosa hilo. Lakini maegesho ya baa saa za kazi ni mahali pa umma, hata kama ardhi ni ya mwenye baa. California walikwenda mbali zaidi, wakaondoa neno barabara katika kifungu chao, hivyo ulevi kwenye usukani ni kosa hata kwenye kiwanja cha mtu binafsi.

Kesi iliyowaudhi wengi ni ya jimbo la Michigan, Marekani. Jirani alilalamika usiku kuhusu kelele za muziki wa gari. Askari alipofika, mwenye gari alilirudisha nyuma kutoka gereji yake, kama mita nane hivi, likasimama sambamba na nyumba, kisha akaliingiza tena ndani. Hakugusa barabara. Mahakama mbili za chini zilitupilia mbali shtaka, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Michigan ikalirudisha: njia ya kuingilia nyumbani ni mahali ambapo magari hufika kwa kawaida, na sheria inasema hivyohivyo. Kwa maneno ya sheria walikuwa sahihi. Kwa mantiki ya kulinda watu barabarani, sidhani.

Na gari lisiposogea kabisa? Katika majimbo mengi ya Marekani inatosha uwe na uwezo wa kuliendesha papo hapo. Uingereza pia kuna kosa la kuwa msimamizi wa gari ukiwa umelewa, ila mshtakiwa anaokoka akionyesha kwamba hapakuwa na uwezekano wa kuendesha kabla pombe haijashuka. Hapo mawakili huanza kubishania vitu vidogo: ufunguo ulikuwa mfukoni au kwenye swichi, injini ilikuwa inanguruma au kimya, na aliyelala alikuwa kiti cha mbele au cha nyuma.