Skrini nyeusi kwa HDMI sio lazima waya imekufa

Jamani hapa Kampala projekta ya kibanda cha mpira ikikataa picha ya HDMI, utaambiwa tu nunua waya ya bei. Sio hivyo. Dekoda ya HD inafunga picha kwa HDCP, mfumo wa kuzuia picha isinakiliwe uliobuniwa na Intel, na kabla ya kuonyesha inaulizana funguo na TV, sasa kama projekta ni ya zamani au kile kigawanyio cha katikati (splitter, cha kupeleka picha moja kwa skrini kadhaa) hakina hizo funguo unapata giza tu, hata vichwa vya waya viwe vya dhahabu. Zile waya za njano, nyekundu na nyeupe zinaonyesha kwa sababu HDCP haipiti huko, ila picha inashuka mpaka mistari 576. Chukua waya hiyohiyo, chomeka dekoda kwa TV mpya moja kwa moja, ikionyesha usiguse pesa yako, waya ni nzima.