"Nilitazama, sikumwona"

Dereva akimgonga bodaboda pale Uyole, Mbeya, wakati anaingia barabara kuu ya Tanzania–Zambia, hujitetea hivyo. Watu humwita mwongo, kwa kuamini kwamba jicho likielekezwa mahali huona kila kilichopo. Huenda anasema kweli.

Sehemu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inayoona kwa ukali ni ndogo mno. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba: ndio upana wake, kama nyuzi 2 za pembe. Kwingine kote picha imefifia, hivyo macho hurukaruka takriban mara 3 kwa sekunde, na yakiwa yanaruka ubongo hubana kuona.

Yarukie wapi? Hakuna sehemu moja inayoamua. Ubongo wa mbele, nyuma ya paji, hushika lengo, tuseme "natafuta lori". Eneo la juu kuelekea kisogoni hupima wapi pana umuhimu, vinundu vya ubongo wa kati hugeuza macho, thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha taarifa, huongeza au kupunguza nguvu ya taarifa. Kiharusi kikiharibu eneo hilo la juu upande wa kulia, mgonjwa aweza kula wali wa nusu ya kulia ya sahani na kuacha wa kushoto, macho yakiwa mazima kabisa.

Basi lengo likiwa lori, pikipiki nyembamba hupita bila kutambuliwa. Ukifika makutanoni simama; tazama kulia, kushoto, kulia tena, ukituliza macho kila upande, na uitafute pikipiki kwa makusudi. Sogeza na kichwa: nguzo ya kioo cha mbele huficha pikipiki nzima.