Erika ya mlimani haioti Mwanza, ila maji yake yanatufikia

Wapo wakazi wa Capri Point na Isamilo wanaotuuliza kama kile kichaka chenye maua meupe walichokiona Kilimanjaro kinaweza kupandwa Mwanza, kwenye bustani zao za majabali. Hapana. Tena kung'oa mmea ndani ya hifadhi ya taifa ni kosa, hata kama ni kichipukizi cha kuweka mfukoni.

Kichaka hicho ni erika. Spishi moja, Erica arborea, imeenea kuanzia pwani za Mediterania hadi Ethiopia na milima ya Afrika Mashariki. Huko Ulaya kifundo cha shina lake huchongwa viko vya tumbaku. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame huanza kuiona kwa wingi msitu mnene unapoishia, karibu mita 3,000, pamoja na ndugu zake Erica excelsa na Erica trimera. Ikiachwa bila kuchomwa huwa mti kamili, matawi yote yakining'iniwa na kuvumwani, vile vinyuzi laini vinavyoota juu ya miti, mithili ya ndevu.

Majani yake humshangaza mtu. Mlima una maji tele, lakini majani ni membamba, ya milimita chache tu, na kingo zake zimekunjwa kwa chini kama ya mmea wa nyika kavu. Sababu ni baridi. Alfajiri udongo huwa umepoa mno, mizizi inashindwa kuvuta maji, na papo hapo jua kali la mlimani linayapiga majani. Mmea usiobana matumizi ungenyauka ukiwa umesimama kwenye tope. Mizizi nayo hushirikiana na kuvu wanaoisaidia kupata chakula katika udongo wenye asidi. Mchanga wa miamba yetu, joto la ziwani na ukavu wa Juni hadi Agosti haviifai hata kidogo.

Kazi yake kubwa ni kunasa ukungu. Wingu linapopita, matone hushika kwenye vijani na kuvumwani, yakadondoka ardhini hata siku isiyo na mvua. Adui yake ni moto, wa warina asali na wengineo. Shina la Erica arborea huchipua tena likiungua, lakini ukichomwa mara kwa mara mmea hubaki kichaka kifupi kisichonasa kitu. Utafiti wa mwanaikolojia Andreas Hemp ulionyesha kuwa kati ya 1976 na 2000 Kilimanjaro ulipoteza sehemu kubwa ya misitu yake ya erika kwa moto.

Maji ya Kilimanjaro hayaji kwetu, tusidanganyane. Ya Mlima Elgon, wenye erika pia, huja: Mto Nzoia huyateremsha hadi Ziwa Victoria upande wa Kenya. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa, takriban asilimia 80, ni mvua inayoliangukia moja kwa moja, kwa hiyo mito haibebi mzigo wote. Lakini mito ndiyo huleta udongo, na mlima uliochomwa huteremsha tope.

Anayetaka kichaka cha kijani mwaka mzima hapa Mwanza apande mtandamboo. Ni wa kwetu, unavumilia mawe na ukame, maua yake meupe yananukia vizuri, matunda meusi huliwa, na miiba yake ni uzio tosha dhidi ya mbuzi. Osha mbegu za matunda yaliyoiva, uzisie mapema kabla hazijakauka.