Ukisafisha Ardhi Lindi na Mtwara: Yanayosemwa Barazani na Yanayotakiwa na Sheria

Kila bei ya ufuta au korosho inapopanda, mapori ya Lindi na Mtwara huwa ya kwanza kupata habari. Wapo pia wanaonunua viwanja pembezoni mwa miji, na wengine wanaoitazama pwani kwa jicho la hoteli na miradi ya gesi. Wote hao huanza kwa kusafisha ardhi, na wengi huanza wakiongozwa na maneno waliyoyasikia barazani kuliko sheria yenyewe.

Neno linalosikika zaidi ni hili: "Shamba ni langu, kwa hiyo kila mti uliomo ni wangu." Ukweli ni kwamba haki ya kutumia ardhi na haki ya kukata mti ni mambo mawili. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inampa Waziri mamlaka ya kutangaza aina fulani za miti kuwa miti iliyohifadhiwa, na mti wa namna hiyo haukatwi bila leseni hata kama umeota nje ya msitu wa hifadhi. Mfano ulio karibu nasi ni mpingo. Mpingo mchanga una miiba, shina lake limepindapinda, na kwa macho ya mnunuzi aliyetoka mjini ni kichaka cha kuondoa kabla ya mvua. Kibarua naye hulipwa kwa eneo alilolisafisha, si kwa mti aliouacha, hivyo hana sababu ya kusita. Ndivyo mti unaochukua miongo mingi kukomaa, ambao gogo lake ni zito kiasi cha kuzama majini na ambao wachongaji wa Kimakonde wameishi kwa kazi yake, unavyoishia kuwa kuni. Hatua inayofaa ni kumwita ofisa misitu wa wilaya azunguke shamba kabla vibarua hawajaitwa, ili miti iliyohifadhiwa itambuliwe na ile inayolazimu kuondolewa iombewe leseni. Gogo likitakiwa kwenda kwa fundi mjini, linahitaji pia hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Dereva asiyekuwa nayo haulizwi kwenye kizuizi cha barabarani kwamba shamba lilikuwa la nani.

Dhana ya pili hufuata palepale: "Mwenyekiti wa kijiji amesharuhusu." Barua yenye muhuri huwatuliza wengi, lakini mwenyekiti hana mamlaka hayo peke yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishiwa kwenye ardhi ya jumla, yaani ardhi isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, kama inavyotokea kwa wawekezaji, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano huo, na linalozidi hapo humfikia Waziri. Maombi ya kuvuna miti nayo yana ngazi zake, ikiwamo kamati ya uvunaji ya wilaya inayoongozwa na Mkuu wa Wilaya. Ni mlolongo mrefu, na sioni ajabu watu wakiulalamikia, ila urefu wake hauihalalishi njia ya mkato.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa zaidi ni ile inayosema kwamba msitu wa kijiji ni akiba ya mashamba ya kesho, kwa hiyo anayewahi ndiye anayepata. Msitu wa hifadhi wa kijiji hutengwa na wanakijiji wenyewe, ukapewa mipaka, mpango wa usimamizi na sheria ndogo, ambazo huandaliwa na Halmashauri ya Kijiji, hujadiliwa kwenye Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Zikishaidhinishwa, zinambana mwenyeji na mgeni sawasawa, na faini iliyoandikwa humo si maombi. Wapo wanaodhani kwamba kutenga msitu ni kuufunga usitumike, lakini wilayani Kilwa mambo yamekwenda kinyume na wasemavyo. Vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia mwaka 2009 katika cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vizuri, na kijiji kinachovuna kwa mpango katika msitu wake hupanga bei na kubaki na mapato. Huko Liwale, msitu wa Angai umekuwa chini ya vijiji vinavyouzunguka kwa utaratibu huohuo. Kwa hiyo anayefyeka ndani ya mpaka kwa ajili ya ufuta wa misimu michache, kabla rutuba haijaisha na yeye kuhamia kwingine, anakula mtaji wa jirani zake.

Kuhusu mikoko, husemwa kwamba ni miti ya maji isiyo na mwenyewe. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali Kuu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, iwe ni mchu, mkandaa au mkomafi, na kuwa na kiwanja kinachopakana nayo hakukupi ruhusa ya kuifyeka ili uione bahari. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Kwa upande wa Msimbati na mlango wa Ruvuma kuna jambo la ziada, kwani huko kuna Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye masharti yake.

Wapo wanaojitetea kwamba wamepanda mikorosho mahali pa miti waliyoikata. Mkorosho ni zao. Kuupanda hakufuti kosa la kukata mti uliohifadhiwa bila leseni.

Linabaki suala la moto, ambalo hudhaniwa kuwa ni siri ya mtu na shamba lake. Sheria ya Misitu inamtaka anayechoma awaarifu majirani wanaopakana naye na audhibiti moto usivuke mpaka. Kwa hiyo siku ya kuchoma haipangwi na mwenye shamba peke yake, na upepo wa Septemba ukishaupeleka moto huo hadi kwenye msitu wa kijiji, atakayetafutwa ni aliyeuwasha.